Tela la Mama Mkwe

Watu wengi wa Sapiwi wanamjua Malimi kwa mgongo. Ndivyo ilivyo kwa dereva wa trekta: abiria wako nyuma kwenye tela, juu ya marobota ya pamba au katikati ya matofali, na yeye yuko mbele kwenye kiti chake cha chuma, shati limegandana na jasho, shingo imesimama kama anasikiliza kitu ambacho wengine hawakisikii. Kumbe anasikiliza injini. Tangu apewe trekta la Mzee Luhaga hajawahi kuweka redio humo, wala hapendi mtu akae karibu yake akimpigia soga. Ukimwuliza jambo njiani, atakujibu mkifika.

Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye kovu linalokatisha nyusi ya kushoto. Si mkorofi, ila ni wa wale wanaotaka kila kitu kikae mahali pake. Pini inayounganisha trekta na tela huifunga kwa waya hata kama anakwenda kuchota maji kisimani tu, kisha huzunguka tena kuikagua. Vijana humcheka. Yeye huwaacha wacheke, na tela lake halijawahi kuchomoka.

Sasa, kama kuna jambo alilolishika zaidi ya pini, ni heshima ya ukwe. Kwa Wasukuma wa kwao, mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi kiti kimoja, hawatazamani usoni, wala mmoja hamtaji mwenzake jina. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwingine apite. Mjini Bariadi siku hizi utamkuta mkwe na mama mkwe wamekumbatiana kwenye picha ya harusi, meno yote nje. Malimi hakuwahi kuwalaumu. Alisema tu kwamba kila mtu na kwao.

Siku moja mnadani alimwona mama mkwe wake anakuja upande wake na kikapu kichwani. Mahali pa kukimbilia hapakuwepo. Malimi aliinama akajipenyeza katikati ya ng'ombe wa watu, akachutama humo mpaka mama alipopita, na alirudi nyumbani shati lake la Jumapili limepakwa kinyesi kuanzia kola hadi kiuno. Monika, mkewe, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama angekupita tu," alisema.

"Angeniona."

"Akikuona unayeyuka?"

Zipo njia za kuilegeza hiyo haya. Wakwe wengi huchinja mbuzi siku moja mbele ya wazee, wakala, na kuanzia hapo wanaweza angalau kusalimiana kama watu. Monika alimkumbusha mara nyingi. Malimi alikubali kila mara, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: tukishauza pamba. Pamba iliuzwa, mwaka ukapita, ikapandwa nyingine.

Mpaka hapo utadhani hawa wawili walikuwa hawajuani. Walijuana sana. Kila baada ya mavuno Malimi alikwenda kumchukua mama aje kuwaona wajukuu, Josia na wenzake, na namna ya kumchukua ilikuwa moja. Malimi alipanda trekta kwanza, akatazama mbele. Mama akapanda kwenye tela akiwa ameshahakikisha kwamba jamaa ametazama mbele, kisha akaketi akitazama nyuma, barabara ikimkimbia. Wakasafiri hivyo, mgongo kwa mgongo, kutwa nzima. Mama akiwa na neno, alilipitisha kwa mtu. "Mwambieni baba yake Josia apunguze mwendo." Pasipokuwa na mtu, alikuwa na kuku aliyemletea mwanawe, basi alimwambia kuku. "Kuku, mwambie baba yake Josia hapo mbele kuna shimo." Na Malimi, bila kugeuka, aliujibu usukani, "Nimeliona."

Malimi aliijua sauti ya mama, kikohozi chake na harufu ya ugoro wake. Alijua kwamba mama hucheka peke yake akikumbuka jambo. Na kila safari, mama akishateremka, palibaki kibuyu cha maziwa mgando pembeni ya tela, kimefunikwa kwa jani, na hakikuwa cha mtu mwingine. Malimi alimpenda yule mama, kuliko hata shangazi zake waliomlea. Alimpenda kwa mgongo.

Baba mkwe alipofariki, mama alihama na mwanawe wa kiume, Bundala, wakafuata malisho kaskazini kabisa, Mwanjulila, mahali ambapo nchi ya watu inaishia. Ukiiacha lami unashika njia ya udongo mweusi, unapita mashamba, halafu mashamba yanakuwa vipande, halafu ni migunga na nyasi tupu. Mbele ya boma la Bundala ni mawe meupe ya mpaka wa hifadhi, na ng'ombe mmoja kuvuka mawe yale ni kukamatwa kundi zima. Usiku tembo wanatoka huko kuja kula mahindi. Asubuhi fisi wameshaacha nyayo zao kuzunguka zizi. Mtandao wa simu hakuna, mpaka upande kilima cha mawe kilicho mbali na boma. Kiangazi pikipiki zinafika. Masika udongo ule unavimba na kunata, unang'ang'ania tairi mpaka tairi linasahau kuzunguka, na hapo mwenye trekta ndiye mwenye njia.

Ilikuwa masika ya ule mwaka wa mvua nyingi. Asubuhi simu ya Malimi iliita, ikakatika, ikaita tena. Alikuwa Bundala, juu ya kilima, anahema.

"Shemeji, mama ameumwa na nyoka. Kifutu. Jana jioni, akiokota kuni."

"Wapi?"

"Kwenye kifundo cha mguu. Mganga, Mzee Bujiku, amemwekea jiwe la kunyonya sumu na dawa usiku kucha, lakini mguu unapanda tu. Mzee mwenyewe amesema amenyoosha mikono, tumkimbize hospitali. Shemeji, njoo na trekta."

Monika alikuwa ndani, amejifungua hata arobaini haijafika, kitoto kimelala kifuani. Alisikia yote. Hakulia. Aliinuka, akakunja godoro lao, akalitoa nje mwenyewe huku mtoto akiwa mkononi, akaenda kulitandika kwenye tela, juu yake akaweka blanketi na kanga safi. Godoro lilikwenda kwenye tela, si mahali pengine, na aliyelitandika ni Monika. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye kila mtu alitaka kuwa na akili ambayo asubuhi ile hakuna aliyekuwa nayo.

Mzee Luhaga, mwenye trekta, alimkuta Malimi anafunga pini kwa waya.

"Tela la nini?" aliuliza. "Mgonjwa mmoja, na mbuga yote imelowa. Nenda na trekta tupu, akae juu ya madigadi, utarudi mapema."

"Ni mkwe wangu, mzee."

"Mkwe yupi?"

"Mama yake Monika."

Luhaga alitazama madigadi, lile bati pana la juu ya tairi la nyuma, linalogusana na kiti cha dereva kiasi kwamba anayekaa pale huweka goti ubavuni mwa anayeendesha. Alilitazama, akakuna kidevu.

"Basi," alisema, "kagua na upepo wa tairi za tela."

Safari ya kwenda ilikuwa ya kubishana na udongo. Tela tupu lilikuwa linayumba kushoto na kulia, likivuta trekta nyuma kila penye mteremko. Mara nyingi Malimi aliteremka, akachokoa tope kwenye tairi kwa sululu, akapanda tena. Alipita mizoga ya nyumbu miwili kando ya njia na tai wamejaa shibe hata hawakujisumbua kuruka. Anga upande wa hifadhi lilikuwa jeusi, mvua inanyesha huko mbali bila kelele. Kufika kwenye korongo kubwa, lile linalomwaga maji yake mto Duma, alikuta maji ya kifundoni tu, na mchanga chini. Alivuka. Lakini alisimama ng'ambo akaligeukia lile anga, akapiga hesabu ambayo kila mfugaji wa kule anaijua: mvua ya huko leo ni maji ya hapa baadaye.

Alipofika Mwanjulila alisimamisha trekta mbali kidogo na nyumba, mgongo ukielekea mlangoni, akabaki amekaa. Alisikia watu wakimtoa mama. Alisikia mguno, halafu ukimya, halafu mguno mwingine. Mzee Bujiku, mganga wa nyoka, alikuja kusimama mbele ya trekta akiwa amechoka macho.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mzee. Hali?"

"Mguu umejaa mpaka pajani, ngozi inapasuka. Na sasa fizi zinatoa damu. Nimewatibu wengi, huyu amenishinda. Usilale njiani."

Kutoka kwenye tela ilisikika sauti ya mama, nyembamba lakini ile ile. "Bundala, mwambie baba yake Josia pole na safari."

"Amesikia, mama," Bundala alisema.

Malimi aliuambia usukani, "Pole wewe, mayu," yaani mama, akaweka gia.

Waliondoka, Bundala akiwa kwenye tela amemlaza mama kichwa mapajani. Ng'ombe aliwaachia majirani. Malimi aliendesha kwa namna ambayo hajawahi kuendesha, akitafuta kila mahali penye nyasi ngumu, akikwepa kila dimbwi, maana kila tela liliporuka alisikia kwa nyuma mtu akimeza kilio. Alitaka kwenda mbio na alitaka kwenda taratibu, na trekta haliwezi vyote viwili.

Korongoni maji yalikuwa yamepanda. Si mafuriko bado, ni maji ya magoti, mekundu, yana vijiti. Malimi alishuka, akaingia na fimbo, akapima, akaona panapitika. Trekta lilipita. Tairi kubwa za nyuma zilishika ukingo wa pili, zikakwea, pua ya trekta ikaangalia juu, na hapo tela, ambalo tairi zake ni ndogo na uzito wake wote uko chini, likazama kwenye mchanga katikati ya korongo. Malimi aliongeza mafuta. Tairi za trekta zilichimba, moshi ukatoka, tela halikusogea hata kidogo. Alirudi nyuma, akajaribu tena, likazama mpaka ekseli.

Bundala aliteremka, maji yakamfika mapajani.

"Shemeji, chomoa pini," alisema kwa sauti ya chini. "Trekta limeshavuka. Tuliache tela, tumpandishe mama juu ya madigadi, mimi nimshike upande huu, twende."

Lilikuwa neno la maana, tena rahisi. Malimi, naye akiwa ameshuka majini, alimtazama shemeji yake, akatazama madigadi. Kabla hajafungua mdomo, mama alisema kutoka kwenye tela.

"Bundala! Unataka kunivua nguo? Nikae ubavuni mwa mkwe wangu, mguu wangu ukiwa wazi hivi? Bora maji yanichukue."

Na Malimi alishukuru. Hilo ndilo lililomkaa baadaye kooni asiweze kulimeza wala kulitema. Kwa muda mfupi, akiwa amesimama kwenye maji, alishukuru kwamba mama amekataa yeye mwenyewe na kwamba hakulazimika kuwa mtu wa kulisema lile neno. Alijisikia mtu mwema, mkwe mwenye adabu.

"Mayu amesema," alimwambia Bundala. "Kimbia nyumbani ukalete maksai. Wakikokota wao na trekta, litatoka."

"Ni mbali, shemeji."

"Kimbia."

Bundala alikimbia. Walibaki wawili, katikati ya nchi isiyo na mtu, mmoja kwenye tela na mwingine ameketi juu ya trekta akitazama mbele. Hapakuwa na wa kupitishia maneno.

Muda ulikwenda. Jua lilitoka, likachoma, likaingia tena mawinguni. Maji yalikuwa yanagonga ubao wa tela kwa sauti ndogo isiyokoma. Punda milia walikuja kunywa upande wa juu, wakaona trekta, wakaondoka.

"Trekta," mama alisema.

Malimi alikaza mikono kwenye usukani.

"Trekta, mwambie baba yake Josia nina kiu."

Alishuka. Alijaza kikombe cha bati kwa maji safi ya dumu, akarudi kinyumenyume kupitia majini hadi kwenye tela, akakiweka ukingoni bila kugeuza kichwa, akarudi mahali pake. Utacheka ukivuta picha ya mtu mzima anayetembea kinyumenyume ndani ya korongo na kikombe mkononi. Na yeye alijiona. Alisubiri kusikia mtu akinywa. Alichosikia ni kucha zikikwangua ubao, zikikwangua tena, halafu kikombe kikaanguka majini, tupu au kimejaa hakujua.

"Mayu?"

Maji yaligonga ubao.

"Trekta," mama alisema baadaye, na sauti sasa ilikuwa ya mtu aliye chumba kingine, "mwambie kimeniponyoka. Mwambie asijisumbue."

Malimi aligeuka.

Aliona uso mdogo kuliko alivyowahi kuufikiria. Alikuwa Monika, Monika mwenyewe, ila amekaushwa na jua na miaka, na damu imeganda kwenye pembe za mdomo. Mama aliona kwamba ametazamwa. Mkono wake uliivuta kanga ili afunike uso, ukafika kidevuni, ukaishiwa nguvu hapo. Mguu sikuambii. Malimi alilia kwa sauti, kama mtoto, na huku analia akakata ule waya wa pini kwa koleo, waya alioufunga mwenyewe asubuhi kwa uangalifu wote ule.

"Mayu, unisamehe," alisema, akampa mgongo, akamvuta mikono ikapita mabegani kwake, akambeba.

Hakuwa mzito. Alimtoa majini, akampandisha juu ya madigadi, akaketi kwenye kiti chake, na kwa kuwa mama hakuweza kujishikilia, alizungusha kanga ya Monika viunoni mwao wote wawili, akafunga fundo tumboni kwake. Kichwa cha mama kilianguka begani kwake, kikabaki hapo. Trekta, bila tela, liliruka kama ndama aliyefunguliwa. Malimi alilisikia linavyokwenda, wepesi wake, linavyokata tope bila kubabaika, na kila hatua ya wepesi ule ilimchoma, kwa sababu ungekuwepo tangu asubuhi.

Walikwenda mwendo mrefu kabla mama hajasema.

"Kumbe una kovu."

"Ndiyo, mayu."

"La nini?"

"Ndama wa baba. Nilikuwa mdogo, nilimvuta mkia."

Mama alitoa pumzi ambayo ilikuwa kicheko. "Monika hakuniambia. Miaka yote naletewa habari zako, umelima, umeumwa, umepona. Kovu hakuniambia."

"Hukuuliza, mayu."

"Ningeulizaje? Ningemwuliza kuku?"

Malimi alicheka huku machozi yanamtiririka. Waliongea. Hawakuongea makubwa. Mama aliuliza kitoto kimefanana na nani, akaambiwa kimefanana na yeye. Aliuliza kama yale maziwa yalikuwa yanafika. Malimi alisema yote yalifika, na kwamba vibuyu alikuwa anavinywa peke yake nyuma ya ghala, Monika asijue.

"Alijua," mama alisema. Kisha akaongeza, "Tungemchinja yule mbuzi mapema."

"Tutamchinja, mayu. Ukitoka hospitali tu."

"Malimi," mama alisema. Alilitaja jina waziwazi, bila baba wa nani wala nani. "Asante. Wabeja, Malimi."

Alimsikia anashusha pumzi shingoni kwake. Aliendelea kumweleza habari za Josia, za mashamba, za ng'ombe mweupe aliyezaa mapacha. Alipouliza swali na lisijibiwe, alilijibu mwenyewe. Alijua, na hakutaka kujua, na akaendelea kusema mpaka tairi ziligusa lami na trekta likaacha kutetemeka, na kichwa cha mama kikateleza kutoka begani kwake.

Hospitalini waliwapokea vizuri. Mganga kijana alimgusa mama shingoni, akamtazama Malimi, akaanza kufungua fundo la kanga taratibu kwa sababu Malimi alishindwa.

"Mmetoka mbali?"

"Mwanjulila."

"Pole, baba. Angefika mchana..." Malimi alimsihi yule kijana amalizie. "Dawa ya nyoka tunayo," alisema. "Ilikuwepo."

Bundala alifika korongoni na maksai jioni akakuta tela liko peke yake, godoro limelowa, pini iko juu ya ukingo. Maji yaliposhuka walilikokota mpaka Sapiwi. Likasimama uani msiba wote, watu wakaliegemea wakinywa uji.

Baada ya mazishi wazee walikaa. Hawakuwa wakali, wengine walimsifu. Lakini mkwe alikuwa amemshika mama mkwe, amemfunga mwilini mwake, naye akamfia hapo, na jambo kama hilo haliachwi hivi hivi. Walisema achinjwe mbuzi wa kumsafisha. Malimi alichagua mwenyewe yule aliyekuwa akimwahirisha mwaka hadi mwaka, au tuseme mtoto wa yule, akamchinja, akapewa kipande chake. Alikitafuna mbele ya watu hadi kikaisha, na upande wa pili wa sinia hapakuwa na mtu.

Monika hakumwuliza kitu kwa muda mrefu. Halafu siku moja anapepeta mchele akasema, bila kuinua kichwa, "Kwa nini ulikwenda na tela?"

Malimi alimgeukia. Monika alikuwa ameacha kupepeta. Alikuwa anatazama ndani, kitandani, kwenye godoro jipya walilonunua badala ya lile alilolitandika kwenye tela. Aliinuka akaingia jikoni, na swali lile halikurudi tena.

Mwaka jana binti yao Joyness aliolewa Mwamapalala na kijana anaitwa Novatus, fundi simu, mtoto wa mjini kwa maneno yake na Msukuma kwa mwenendo. Wiki iliyopita Joyness alijifungua. Novatus alikuja na pikipiki kuwapasha habari wakwe zake, mvua ikamzuia, pikipiki ikaachwa chini ya ghala. Malimi akaomba trekta. Tela lilikuwa limeshafungwa, lina magunia ya mpunga ya mzazi.

Novatus alikuwa amekaa juu ya madigadi ya kulia. Monika akatoka ndani na kikapu, kuku ndani yake. Kumwona tu, Novatus aliruka chini, akaingia kwenye shamba la pamba, akasimama humo akitazama milima.

"Novatus, rudi hapa," Malimi alisema. "Kaa mahali pako. Monika, panda huku kushoto."

"Baba Josia, acha mambo yako. Mkwe yupo."

"Namwona kuwa yupo. Panda."

"Siwezi."

"Umesahau?"

Monika alimtazama usoni, kwenye lile kovu, kwa muda mrefu.

"Sijasahau," alisema.

"Basi kesho nachinja mbuzi. Kesho hiyo hiyo. Mle, mzoeane, yaishe."

Monika alizunguka trekta, akapita nyuma, akapanda kwenye tela, akaketi juu ya mpunga akitazama walikotoka. Akaweka kikapu mapajani, akakifunika vizuri.

"Tukishauza pamba," alisema.

Kijana alisubiri mpaka alipohakikisha kwamba mama mkwe ametazama nyuma, ndipo akatoka kwenye pamba, akapanda kimya kimya mahali pake. Malimi alibaki ameshika usukani. Kisha akateremka, akaenda kwenye pini, akaufungua waya wote, akaudondosha chini, pini ikabaki ya kuchomolewa kwa mkono tu, akarudi kuketi na kuweka gia.